Pembe Nne za Kitambaa

Ukikata duara kutoka kwenye kitambaa cha mraba, lazima pembe nne zibaki. Chukua kitambaa chenye upana wa inchi 45, pima urefu wa inchi 45 pia, kisha kata duara kubwa kadiri kitambaa kinavyoruhusu. Utakuwa umetumia asilimia 78 na nusu tu. Asilimia 21 na nusu imebaki kwenye pembe, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya kitu ulichokinunua kwa fedha yako. Fundi hodari na fundi mwanafunzi wote wanakutana na hesabu hii, na hakuna anayeweza kuikwepa. Watu wanatofautiana kwenye jambo lingine: pembe zile ni za nani?

Swali hili nimelipata kibarazani, nikijifunza kushona. Nilihamia Katoro, mkoani Geita, kwa shangazi yangu, nikiwa na shahada ya ualimu wa hisabati na maombi ya ajira ambayo hayajajibiwa. Wengi mnaosoma hapa mnaijua hali hiyo. Shangazi alinivumilia miezi miwili, kisha akanipeleka kwa mama mmoja mwenye vyerehani vitatu karibu na soko. Sote tunamwita Mama Fundi. Naye tangu siku ya kwanza ananiita Mwalimu, kwa heshima iliyochanganyika na utani.

Nguo ya kwanza ya mwanafunzi kwake ni sketi ya solo. Solo kamili ni duara zima lenye tundu katikati. Nusu solo ni nusu ya duara. Haina marinda, kiunoni inakaa sawa, na chini inachanua kama mwavuli mvaaji akigeuka. Wanaoanza hupewa hiyo kwa sababu inahitaji vipimo viwili tu, kiuno na urefu. Unakunja kitambaa mara nne, unaweka ncha ya futikamba kwenye kona iliyokunjwa, na unazungusha chaki mara mbili: mzunguko mdogo wa kiuno na mkubwa wa pindo.

Nilikotoka mimi, mzingo ni mara mbili ya pai mara nusu kipenyo, kwa hiyo unagawa kiuno kwa 6.28. Mama Fundi hana habari na pai. Anagawa kiuno kwa sita, kisha anapunguza kidogo, "kwa sababu mshazari unanyooka, na cherehani nayo inakula." Nilipopiga hesabu usiku nikakuta yuko sahihi. Ukizidisha nusu inchi kwenye kipimo cha kona, kiuno kinaongezeka zaidi ya inchi tatu, na sketi itateleza hadi kwenye nyonga. Sketi ya mtoto mwenye kiuno cha inchi 22 inaanzia inchi tatu na nusu kutoka kwenye kona. Ukimaliza kuweka mkanda na zipu, usikunje pindo siku hiyohiyo. Unaitundika ilale usiku mzima, kwa sababu sehemu za kitambaa zilizokaa mshazari hushuka kuliko zile zilizofuata uzi, na asubuhi unasawazisha chini kwa mkasi. Hilo nalo huongeza vipande sakafuni.

Vipande vyote huingia kwenye kiroba kilichotundikwa nyuma ya mlango. Hakuna mteja niliyewahi kumsikia akiviulizia katika wiki zangu za kwanza. Kitambaa huja na mteja, amekinunua mwenyewe dukani; sketi hurudi na mteja; kilichobaki kinabaki. Kibarazani pale wapo wasichana wawili wadogo kuliko mimi, wanafunzi wa ufundi kama mimi, ila wao hawana shangazi wa kuwalisha. Mama Fundi hawalipi mshahara. Anawapa mahali pa kulala, chakula cha mchana, na kiroba. Kutoka kwenye kiroba wanashona vibanio vya nywele, chupi za watoto, vishikio vya sufuria na pedi za kufua, wanakwenda kuviuza siku ya mnada. Kile kiroba ndicho kinawanunulia sabuni na vocha.

Kwa hiyo jibu la kwanza la swali langu lilikuwa mbele ya macho yangu: pembe ni za wale wasichana. Lilionekana jibu zuri mpaka alipokuja mama mmoja kutoka upande wa machimbo.

Kazi yake ni kuponda mawe kwa nyundo kwenye makarasha, yale mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alifika mchana akasalimia kwa Kisukuma, nami nikamjibu, "Mwadila, mayu." Binti yake alikuwa anamaliza kidato cha nne na alitaka avae solo kamili siku ya mahafali. Mama Fundi alikuwa ameinama kwenye cherehani. Mama yule akanigeukia mimi. "Mwanangu, ninunue mita ngapi?"

Jibu la kibarazani nililijua. Kwa msichana mkubwa, solo kamili, kitambaa cha upana wa inchi 45, tunasema mita tatu na nusu. Lakini siku chache kabla nilikuwa nimekaa na karatasi. Kiuno inchi 26, urefu inchi 26: kila nusu duara inahitaji kina cha inchi 31 pamoja na pindo. Ukizipanga nusu mbili kwa kufuatana, unatumia inchi 124, zaidi kidogo ya mita tatu, na mkanda juu yake. Lakini ukiipindua ya pili, mgongo wake wa duara uingie kwenye pengo lililoachwa na mgongo wa ya kwanza, inchi 105 zinatosha, na mkanda unapatikana pembeni bila kuongeza kitu. Mita mbili na robo tatu.

Nikamwambia mita mbili na robo tatu.

Mama Fundi hakuinua kichwa. Alisubiri mteja aondoke, akakata uzi kwa meno, akasema taratibu, "Hesabu zako nzuri, Mwalimu. Sasa na hawa wawili niambie nitawalipa nini."

Sikuwa na la kusema, maana lilikuwa swali la haki. Robo tatu ya mita niliyomwokolea yule mama ilitoka mahali fulani. Ilitoka kwenye kiroba. Nilikuwa nimeutendea ukweli hisani kwa gharama ya watu wawili ambao hawakuwa wameulizwa, na mmoja wao alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipokuwa, anapachika vifungo.

Mama yule aliporudi kuchukua sketi, aliomba na vipande. Nikamfungia. Alivipindua mkononi, akacheka kidogo. "Kumbe hata nguo ina marudio."

Kwa asiyejua lugha ya machimbo nieleze. Huku kwetu shimo la dhahabu linaitwa duara. Mtu ana duara lake Lwamgasa, mwingine ana maduara matatu Nyarugusu. Mawe yakitoka duarani yanapelekwa kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa, na zebaki inakamata dhahabu inayoweza kuikamata. Zebaki haikamati yote. Sehemu kubwa ya dhahabu inabaki ndani ya mchanga uliokwisha kuoshwa, na mchanga huo ndio marudio. Mahali pengi desturi ni kwamba marudio yanabaki kwa mwenye karasha. Yeye huyakusanya hadi yawe lundo, kisha huyauza au huyachenjua kwa sayanaidi, na wakati mwingine lundo hilo linamlipa kuliko ada ya kusaga. Mchimbaji huona amesagiwa kwa bei nafuu. Malipo mengine ameyaacha uani bila kuyahesabu.

Yule mama anaishi ndani ya desturi hiyo kila siku, upande wa wasiohesabu. Ndiyo maana alikitambua kiroba chetu mara moja. Mimi nilikiona kama ukarimu wa Mama Fundi kwa wasichana. Yeye alikiona kama ua wa karasha.

Geita wana neno jingine, magwangala. Ni mawe ambayo mgodi mkubwa, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, huyaweka kando kwa kuwa dhahabu iliyomo haitoshi kulipia gharama ya kuyasaga kwa mitambo yake. Kwa mgodi hayo ni takataka. Kwa mtu mwenye nyundo na karai ni chakula cha wiki, na wananchi wa Geita wameyadai kwa miaka, hata viongozi wa juu wa nchi wakaingilia. Ukilitazama lundo la magwangala, utaona kwamba hakuna jiwe lililozaliwa likiwa taka. Lilifanywa kuwa taka na mstari uliochorwa mahali: kuanzia kiwango hiki cha dhahabu tunasaga, chini ya hapo tunatupa. Dhahabu ikipanda bei, mstari unashuka, na taka ya jana inaanza kulindwa na askari.

Mwaka 2017 nchi nzima iligombana juu ya jambo la namna hii. Serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, upande wa Kahama, na kwa wiki kadhaa kila kijiwe kikawa na mtaalamu wa makontena. Makinikia hayakuwa mabaki. Yalikuwa mchanga uliokwisha kukusanywa madini. Lakini kilichowauma watu kilifanana na kinachouma mbele ya lundo la marudio: kumo nini ndani, na nani amepima? Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayotamka kwamba utajiri wa asili ni mali ya wananchi, ukishikwa kwa dhamana na Rais kwa niaba yao. Mwamba wote ni wetu, basi. Ila anayeujua uzito wa kilichomo ni yule mwenye maabara.

Nimelelewa Kishapu, Shinyanga, kwenye pamba, na huko pia nimeona jambo la jamaa moja. Baba anauza pamba mbegu kwenye mizani ya chama cha ushirika, kwa kilo. Kiwandani inachambuliwa. Nyuzi ni kama theluthi ya uzito. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta, na baada ya mafuta yanabaki mashudu. Nyuzi nyingi husafirishwa nje ya nchi. Mashudu hurudi kijijini kwa bei, na baba huyanunua kulishia ng'ombe. Inawezekana kabisa bei ya kilo imezihesabu mbegu. Lakini katika miaka yote ya kukaa naye kwenye foleni ya mizani sijasikia mtu akimwonyesha hesabu hiyo, naye hajawahi kuiuliza, kama wateja wetu wasivyowahi kuuliza kiroba. Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ningeongeza kwamba mara nyingi daftari lipo, ila liko upande mmoja tu wa meza.

Wala si habari ya kwetu peke yetu. Mafundi cherehani wa Uingereza wa karne ya 17 na 18 walivipa jina vipande walivyobaki navyo: kabichi. Wateja walinung'unika, mafundi walisema ni haki yao ya zamani, na mzaha juu ya fundi na kabichi yake ulikuwa wa kawaida mitaani. Mwaka 1842, Karl Marx, akiwa kijana wa miaka 24, aliandika katika gazeti la Rheinische Zeitung kuhusu sheria ya wizi wa kuni: maskini wa nchi ya Rhine waliokuwa wakiokota matawi yaliyoanguka msituni, kama walivyookota babu zao, walikuwa wanageuzwa wezi. Mabaki yalikuwa ya anayeokota mradi hayana bei. Yalipopata bei, yakapata mwenyewe.

Kwa hiyo nimejaribu kutenganisha mambo ambayo kiroba kinayachanganya. Ndani yake zimo pembe za aina tatu. Zipo pembe za lazima, zile asilimia 21 na nusu ambazo duara hulitoza mraba. Zipo pembe za kutojua: mwanafunzi hajui kupanga, kwa hiyo anahitaji kitambaa kingi, na kinachobaki kimebaki kweli. Na zipo pembe za makusudi, anapojua fundi kwamba mita mbili na robo tatu zinatosha na bado anasema tatu na nusu.

Kwa jicho la mteja zote zinafanana. Zote ni vipande vya rangi ileile sakafuni. Tofauti iko kichwani mwa fundi tu, na hapo ndipo ninapoona uzito wa kujifunza kazi yoyote. Asiyejua hana la kuficha. Siku ile nilipoipindua nusu ya pili kwenye karatasi, mita tatu na nusu ziliacha kuwa desturi kwangu zikawa uamuzi. Daktari anayejua kipimo kipi hakihitajiki, fundi wa gari anayejua spea ipi bado nzima, mwenye karasha anayejua kilichobaki kwenye mchanga: wote wamesimama pale pale nilipokuwa nimesimama na futikamba shingoni. Elimu tunayoisifu kwa kutupa ajira hutupa pia nafasi hii ya kuamua kimya kimya juu ya mali ya mtu mwingine.

Mama Fundi ana hoja, na siipuuzi. Anasema bei yake ya kushona ni ndogo kwa sababu ya vipande. Akiviacha itabidi aipandishe, na akiipandisha maskini ndio watakaokosa kushonewa. Anasema pia kwamba yeye hanufaiki, wanaonufaika ni wasichana wawili wasio na kitu. Nilipomsikia hivyo niliikumbuka Mambo ya Walawi, sura ya 19, ambako mwenye shamba anaagizwa asivune hadi pembeni kabisa wala asirudi kuokota yaliyoanguka. Pembe aziachie maskini na mgeni. Ni sheria ninayoipenda tangu utotoni, labda kwa sababu nimekulia shambani. Lakini nikiitazama vizuri, anayeachia pembe ni mwenye shamba. Analijua shamba lake, anaziona pembe, anaziacha kwa hiari. Kibarazani kwetu pembe zinaachwa na mtu asiyejua kwamba ameziacha, na ukarimu unahesabiwa kwa aliyeshika mkasi. Tena aliyeziacha anaponda mawe kwa nyundo. Katika shamba hili sina hakika ni nani maskini wa kuachiwa.

Hoja ya bei nafuu nayo ina upande wa pili. Kama vipande ni sehemu ya malipo, basi ni malipo, na malipo hutajwa. Mteja aliyeambiwa "kushona ni kiasi hiki, na vipande vinabaki kwetu" akakubali, hajaibiwa hata uzi mmoja. Mchimbaji aliyeambiwa thamani ya marudio yake akaamua kuyaacha kwa mwenye karasha amefanya biashara kama mtu mzima. Ninachokipinga ni ule unafuu unaowezekana tu kwa sababu upande mmoja haujui. Desturi inaweza kuwa ya miaka mia na bado haijawahi kukubaliwa na mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa.

Msimamo wangu basi ni huu: pembe ni za mwenye kitambaa mpaka aseme vingine, na ni wajibu wa anayejua kumpa nafasi ya kusema. Maneno yaje kabla ya mkasi. Kitambaa kinachohitajika ni kiasi gani, kitakachobaki ni kiasi gani, na nani atakichukua. Baada ya hapo anaweza kuwaachia wasichana kiroba kizima, na mara nyingi watu huacha. Ila utakuwa ukarimu wake mwenyewe, si wangu wala wa Mama Fundi.

Msimamo huo una gharama, na silipi mimi peke yangu. Tulibishana wiki nzima, kisha Mama Fundi akakubali nusu. Kwa nguo kubwa tunataja bei mbili: moja ukiondoka na vipande, nyingine ya chini ukiviacha. Kwa nguo ndogo desturi ya zamani inaendelea, kwa sababu, anasema, hawezi kufanya mkutano juu ya kila gauni la mtoto. Wasichana sasa wanapata shilingi 500 kwa kila solo wanayopiga pindo. Mwezi wa mahafali walipata zaidi ya walivyokuwa wakipata kwenye kiroba. Mwezi uliofuata walipata pungufu, na mdogo wao aliniuliza kwa upole kama hesabu zangu zinajua miezi ya njaa. Jirani yetu bado anasema mita tatu na nusu, bei yake ya kushona iko chini kuliko yetu, na foleni yake ni ndefu.

Wateja wengine wakisikia bei mbili huhesabu kwa vidole, wanashukuru, wanakwenda kwa jirani. Siwalaumu, maana nimewaambia ukweli ili waamue, na kwenda kwa jirani ni kuamua. Wanaobaki nawakunjulia kitambaa mezani, na kabla sijashika mkasi nawachorea kwa chaki mahali pembe zitakapobaki.